Boneti Aliyoing'arisha Zaituni

Jumamosi

Mkono wa binti yangu Zaituni, hakuna fundi anayeufikia! Kesho gari letu kuukuu ndilo litakalotupeleka Kawempe kwa kwanjula, kumposea kaka yake mke, na rangi ilikuwa imefifia mpaka nikaogopa wakwe watatucheka. Nilitaka tumwite fundi wa Mbuya mwenye mashine ya kung'arisha.

"Mama, mashine itamaliza rangi yenyewe. Niachie mimi."

Akasugua kutwa kivulini, kwa kitambaa cha gauni langu la zamani la gomesi. Jirani yangu Mama Okello akacheka, "Mnapamba bibi harusi au gari?" Jioni nikamkuta huyohuyo ameinamia boneti, anajitazama na kurekebisha kilemba.

Paa bado limefifia kidogo. Lakini mkwe gani atapanda juu kuangalia?