Kwinini ya Mjukuu Wako

Mama yangu mpendwa,

Mbukwenyi, na shikamoo juu yake. Najua mwalimu anayekusomea barua hii ameketi karibu nawe, na wewe umegeuza uso pembeni kama ufanyavyo ukiambiwa jambo usilolitaka. Geuza tu, mama, ila usiinuke.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Dodoma, reli ilipokuwa ngeni bado na watu wakienda kuitazama kama harusi? Ulitembea kutoka Hombolo na kibuyu cha samli, ukaanza kunigombeza kabla hujanywa maji: uji wangu mwepesi, mtoto amekonda, mavi ya ndama mpaka mlangoni mwa tembe. Nilifurahi mno. Nyumba ya ukweni ni ya adabu tupu, na mimi nilikuwa na hamu ya kugombezwa na mtu anayenipenda.

Homa ya mjukuu wako Chilewa ndiyo iliyokuleta. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mume wangu alikuwa amepata kwinini kwenye kambi ya reli, unga mweupe ndani ya chupa, pamoja na kijiko kidogo cha mfupa. Mdachi aliyempa alimweleza vizuri: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi, kwa sababu mwili wa mtoto haubebi dawa ya mtu mzima. Mume wangu akatueleza sote, nasi sote tukaelewa.

Lakini unajua tulivyozoea. Mama anayenyonyesha hamnyweshi mwanawe dawa chungu, mtoto asije akalikataa ziwa. Kazi hiyo ni ya bibi. Na bibi akishanywesha hasemi, ugonjwa usije ukasikia ukajificha. Kwenye nyumba ya bibi mmoja desturi hiyo haina neno. Yetu ilikuwa na wawili, wewe na mama mkwe, na mimi asubuhi na jioni nilikuwa kisimani.

Mtoto akaanza kutapika. Mikono ikatetemeka. Tukadhani ni homa, tukaendelea. Kisha ukamwita siku moja pale uani, hakugeuka. Ukapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Alikuwa anatazama kuku, ametulia kabisa, na wewe ukakaa chini kwenye vumbi ukalia. Sijapata kukuona ukilia hivyo, hata tulipomzika baba.

Kambini walisema mtoto amezidishiwa dawa, tuiache mara moja, huenda masikio yakarudi. Mume wangu aliporudi akauliza nani alikuwa akimnywesha.

"Ni mimi," ulisema. "Labda nilikuwa najaza kijiko."

Alikuambia una mkono mzito, na kwamba mwanawe hutamshika tena. Mama mkwe alikuwepo, anapepeta uwele, hakuinua kichwa. Nami nilikodoa macho tu, maana mke hamjibu mumewe mbele ya mama mkwe. Kulipokucha nikakuta mkeka wako umekunjwa. Tangu hapo unatuletea samli kwa mikono ya watu, na kila nikikuomba uje, unasema miguu inauma. Miguu hiyohiyo naambiwa inafika mpaka Kongwa kutazama ng'ombe wa mjomba.

Sikio la kulia limerudi, mama. La kushoto bado. Chilewa sasa anachunga mbuzi, anapiga kelele kuliko watoto wote wa huku, na ukimsemesha anakugeuzia upande wake mzuri kama mzee wa baraza. Ni mtoto mwenye furaha. Hilo nalitaka ulijue, usiendelee kumwona moyoni mwako akiwa amekaa anatazama kuku.

Nimezaa tena, mtoto wa kike. Mwezi huu naye alishikwa na homa, kwinini ikaletwa, nami nikaiweka chupa mkononi mwa mama mkwe. Akairudisha. Akakaa, akasema mbele ya mwanawe:

"Siku zile na mimi nilimnywesha. Asubuhi na jioni. Sikujua kwamba na mwenzangu ananywesha. Aliposema ni yeye, nikaelewa, nikanyamaza."

Hakuna aliyejaza kijiko, mama. Mlikuwa mnampenda mtoto mmoja kimyakimya, kila mmoja kwa wakati wake.

Mume wangu alitoka akaenda zizini, akakaa huko hadi ng'ombe wakarudi. Aliporudi aliniomba nikuandikie kwamba neno lile la mkono mzito analitubu, na linamuuma. Mimi nimewakasirikia wote wawili, yeye na mama yake, sikufichi. Hasira yenyewe haijaisha. Lakini mtoto nilimnywesha mwenyewe, nikawa natangaza kwa sauti kila mara, wamecheka hadi majirani. Ziwa hakulikataa. Amepona, na anamhitaji bibi yake wa pili, wewe.

Nilitaka mpita njia akuletee barua hii. Mama mkwe akakataa. Akasema maneno haya yakufikie kwanza, kwa sababu akianza yeye ulimi utamshinda, lakini kuyaleta atayaleta mwenyewe kwa miguu yake, mzee kama alivyo. Huyo mama aliyemkabidhi mwalimu barua, aliyesimama hapo nje ambaye hukumtambua kwa vumbi, ndiye. Mwambie aketi. Mpe maji. Kisha rudini wote wawili.

Mwanao akupendaye,
Mama Chilewa