Pima Ukiwa Umekaa Ndani

Neema mjukuu wangu,

Nyanya yako alitutoka mwezi wa tatu, na tangu hapo gereji yetu hapa Uvira haina mtu wa kunibishia. Wajomba zako ni wazima. Wamekwisha kuipatia gereji mnunuzi, na minye mwenyewe hawakuniuliza.

Unauliza kwa nini gari lako la mashindano linavuta upande mmoja huko Kampala, na paralelisme, kule kunyoosha magurudumu, umeifanya vizuri. Sikia. Ujanani, kabla ya kushindana kwenye barabara ya Katogota, minye na wenzangu wa gereji tuliazima mizani nne za kupimia mpunga, kila gurudumu tukalipandisha juu ya moja. Tukajumlisha kona zinazotazamana kwa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia, kisha zile mbili nyingine: kilo mia nne na hamsini huku, mia nne na hamsini kule. Tukashangilia. Nyanya yako, dereva wetu, alikuwa anatucheka.

"Weye, hiyo gari itajiendesha? Minye na kilo zangu munatuacha wapi?"

Akaingia, akakaa. Jumla zile mbili zikapishana kilo kumi na mbili. Tukaanza upya kurekebisha springi, yeye ndani anaimba, mpaka zikalingana.

Kwa hiyo kaa kitini, mwingine asome mizani, ndipo paralelisme irudiwe. Minye hata leo nikifungua mlango wa dereva wa gari lolote, namtafuta.

Wajomba zako watatia sahihi Jumamosi. Gereji hii utakuja kuishika, ndiyo ao hapana? Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Babu yako