Ng'ombe wa Shaba Kutoka Uchina

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limepata nafuu. Jana sikuwa na zamu, nikaingia makumbusho kukwepa mvua. Humo nikakuta chombo cha shaba cha Wachina wa kale, kina kichwa cha ng'ombe ubavuni, pembe zimepinda kama za Madoa wetu. Nikajikuta namwita kwa sauti, "Madoa, njoo!"

Bibi mmoja wa Kichina aliyesimama kando yangu akacheka, akaniuliza kwa Kiingereza, "Kwenu mnafuga?"

Nikamweleza hata Madoa anavyokataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe. Tangu nihamie huku ughaibuni, Lewisham, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za nyumbani. Kisha binti yake akaja kumchukua, nami nikabaki pale mpaka makumbusho yakafungwa.

Jumapili nipigie simu ukiwa zizini. Usiseme kitu Mama, wewe kamua tu, nisikilize.

Nakupenda mno.
Mwanao, Rehema