Jicho la Fundi Saa

3 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima, jikoni shuleni tunapika kama kawaida. Mama mdogo ananiambia umeng'olewa jino na shavu bado limevimba. Mbona kimya? Sukari umepima lini? Usinijibu "nipo nipo tu."

Bintiyo

4 Machi

Marahaba, mwanangu. Mama yako mdogo mdomo wake hauna breki. Ni kweli, jino limetoka bure. Maumivu yamehamia chini ya jicho la kulia. Puani kuna gamba jeusi, nikipenga natoa kama masizi. Tangu jana nikiweka saa moja ya mkono mezani naona mbili. Nimemwambia mteja biashara imechangamka. Sukari nimepima leo: mashine imegoma kutoa namba, imeandika "juu" tu. Dawa za sukari ziliniishia, nikawa nasema nitanunua. Usihangaike.

Baba yako

4 Machi, alasiri

Baba, nimeshahangaika. Nimemsomea nesi wa shule ujumbe wako, hata hakusubiri niumalize. "Aende hospitali kubwa leo hii. Akifika tu aseme ana gamba jeusi puani na sukari iko juu." Funga duka. Mama mdogo anakuja na teksi. Ukibisha atakubeba mgongoni, unamjua.

Bintiyo

6 Machi

Mwanangu, hujambo? Mimi niko wodini tangu juzi. Daktari aliingiza kamera nyembamba puani, akakata kipande kidogo cha nyama, wakakitazama kwa hadubini. Ni ukungu. Ukungu, mwanangu, kama wa kwenye mkate uliolala! Anasema chembe zake zinapepea kila mahali na watu wengi haziwadhuru, ila kwangu sukari imeufungulia mlango. Unapopita, nyama inakufa. Dripu ya dawa imeanza. Ni kali kwa figo, kwa hiyo damu wanapima kila siku. Lakini dawa haifiki palipokufa. Lazima wakate, na jicho la kulia litoke. Ndilo ninalofanyia kazi. Nimekataa. Fundi saa asiyeona atafungua duka la nini? Usinikasirikie.

Baba yako

6 Machi, mchana

Baba, pole sana. Niko ndani ya basi, nakuja. Nimempigia daktari wako. Nikamuuliza, "Akiendelea kukataa?" Akasema, "Ukungu wenyewe hausubiri. Ukitoka jichoni unaingia kwenye ubongo." Nikasema, "Akikubali, atapona?" Akasema, "Siwezi kukuahidi. Lakini nafasi anayo, na inapungua kila saa."

Marehemu mama sikuwa na la kumfanyia. Wewe lipo, na ni kusaini tu. Jicho la kushoto utalifundisha kazi, hata kama litakuwa mwanafunzi mzito. Saini, Baba. Nikifika nikukute umeshasaini.

Bintiyo

6 Machi, mchana

Nimesaini. Mwambie mama yako mdogo aache kulia, wagonjwa wenzangu wanadhani nimeshakufa.

Baba yako

23 Aprili

Mwanangu, umefika salama? Kazini wamekupokeaje baada ya wiki zote zile kwenye kile kiti kando ya kitanda changu? Jana nilirudi kliniki. Daktari amechungulia kote: pale walipokata mara mbili pamebaki pekundu, pasafi. Figo zimevumilia. Vidonge vya ukungu nitameza miezi mingine, na sukari napima kabla sijagusa chai.

Leo nimefungua duka. Chai nimeimimina nje ya kikombe, nikagonga bega mlangoni. Mteja wa kwanza amenitazama kitambaa cha jichoni, akaifumbata saa yake. "Fundi, utaweza kweli?" Nimemwambia aiache, arudi kesho. Skrubu moja bado inanikimbia kwenye kibano, kwa hiyo naishia hapa nikaikamate.

Baba yako