Ushahidi wa Mama Milembe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo wamenirudishia mtoto. Mtoto wangu, shuleni kwangu, wiki ya nne tu tangu aanze darasa la kwanza! Mwalimu Mkuu, Bwana Kristofa, aliniita ofisini baada ya mapumziko. Mlango akafunga, kiti hakunipa. Nikajua.

Stefa amemng'ata mwenzake. Kengele ilipogongwa alijibana chini ya dawati, akaziba masikio, akapiga kelele mpaka darasa la sita wakaja kuchungulia madirishani. Mwalimu wake ana watoto mia moja na kumi na mbili — afanyeje? Mkuu akasema tuelewane kama watu wazima. Mtoto ana usonji, karatasi ya hospitali ya Mwanza imesema hivyo, na sisi hapa utaalamu huo hatuna. Halafu, taratibu kabisa: shule si mahali pake.

Nilishika ukingo wa meza. Sentensi hiyo si yake, ni yangu. Niliisema mimi mwaka 2014, kwenye shule yangu ya kwanza kufundisha, kwa mama mmoja aliyekuja na binti yake. Hata kichwa sikuinua, nilikuwa nasahihisha madaftari. Na yule mama akanijibu, "Wabeja, Mwalimu." Namfukuzia mtoto, ananishukuru!

Mke wangu Judica hajui habari hiyo. Nimemweleza ya Stefa tu. Alikuwa ametoka kuchanja watoto Ngulyati, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa sakafuni na viatu mkononi, hakulia. Afadhali angelia.

Jumamosi, 8 Februari

Judica alisikia kazini kwake kliniki kwamba kuna kikundi cha wazazi wenye watoto kama Stefa, hukutana ukumbi wa parokia. Tumekwenda wote watatu. Wazazi kumi na nne, watoto kumi na moja, kelele za kutosha. Sijui kwa nini nilipumua vizuri. Hakuna aliyegeuka Stefa alipoanza kuzunguka nguzo.

Mtaalamu wa tiba ya tabia, Dada Philomena, hutoka Mwanza mara moja kwa mwezi. Leo basi lake liliharibikia Lamadi, akafika saa sita. Siku nyingine zote anayewafundisha wazazi ni mwenyekiti. Mwenyekiti akasimama kutusalimia. "Mwangaluka," akasema.

Ni yeye, yule mama wa mwaka 2014.

Miaka kumi na moja. Amekonda, lakini sauti ni ile ile ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa kuongea. Jina lake Eufrasia, wote wanamwita Mama Milembe. Alinipa mkono, akanitazama usoni, akapita kwa mwingine. Hakunijua. Wakati ule nilikuwa kijana mwembamba mwenye nywele tele. Sasa nina kitambi, kipara na miwani. Sikuwahi kukishukuru kipara changu kabla ya leo.

Katibu wao kahamia Maswa. Mtu akasema, si kuna mwalimu hapa? Basi, ikaisha! Mwalimu popote aendako ni katibu — msibani katibu, harusini katibu. Nikakabidhiwa daftari. Ningekataa ningesema sababu gani? Alama mbili kwa kumi, Dastan, nikajiambia, na hizo mbili ni za mwandiko.

Jumanne, 11 Februari

Zoezi la kwanza, nyumbani kwa Mama Milembe. Ameweka kigoda, kikombe cha karanga, na kadi tatu za picha alizochora mwenyewe. Hamwiti Stefa. Hamshiki. Anakaa tu, anakula karanga moja, anasubiri. Stefa akaja. Akakaa — dakika nne! Nyumbani hakai hata kula.

Nikamuuliza alikosomea. Akacheka. Alikuwa mpishi kwenye kituo kimoja cha watoto kama hawa, Mwanza, miaka minne, akajifunza kwa macho kupitia dirisha la jiko.

Halafu mdomo wangu huu. Nikataka kuwa mchangamfu, nikauliza: "Na Milembe yuko darasa la ngapi siku hizi?"

Akazipanga kadi. "Milembe hayupo, Mwalimu. Alikwenda kwenye lambo."

Akanieleza bila haraka. Shule walimkataa. Yeye alikuwa peke yake na shamba la pamba, ikabidi awe anamfungia ndani akienda palizi. Mtoto alipenda maji kupita kiasi. Siku moja ya mwezi wa tatu alisukuma mlango mpaka kamba ikakatika. Wachungaji walimkuta majini jioni walipoleta ng'ombe kunywa. Alikuwa na miaka tisa.

Mimi nikasema pole. Pole! Neno lenyewe lilinitoka kama kikohozi.

Jumatano, 12 Februari

Nimeita majina asubuhi kama kawaida. Nilipofika herufi M nikanyamaza, nikawa nasubiri mtu aitikie. Watoto wakatazamana. Hakuwahi kuandikwa kwenye daftari la mahudhurio lolote, huyo ninayemsubiri. Nilihakikisha mwenyewe haandikwi.

Nimewapa zoezi la kunakili, nikatoka nje.

Jumapili, 16 Februari

Mama yangu amepiga simu kutoka Nkoma. Anataka tumpeleke Stefa kwa mganga, huenda kuna marehemu wa ukoo anadai kukumbukwa. Kwa kawaida ningemtania. Leo nimeshindwa kumjibu, maana nami kuna marehemu ananidai, ila wa ukoo mwingine.

Nimemwambia Judica yote. Kanisa zima lilikuwa limeshatoka, sisi bado tumekaa kwenye benchi, Stefa anahesabu vigae kwa kidole. Judica akasema mwaka 2014 hakuwa amenifahamu na anashukuru. Kisha akasema nifunge mdomo. Kikundi kinaiomba halmashauri ifungue darasa la watoto hawa, na ikikubali Mama Milembe ndiye atakuwa msaidizi wa mwalimu, na yeye na Philomena ndio watakaowapendekeza watoto sita wa kuanza. "Sita, Baba Stefa! Kikundi kina kumi na moja. Usinichezee mtoto wangu ili wewe upate usingizi."

Ni mwanamke mwema. Sijawahi kumsikia na sauti ile.

Alhamisi, 20 Februari

Stefa ameniletea kadi ya kikombe! Alitoka chumbani, akanyoosha mkono, akaniwekea kwenye kiganja. Anataka maji. Miaka saba nabahatisha, leo mtoto kanieleza. Nimempa maji, nikamkumbatia, akanisukuma — sawa tu, haki yake. Judica alicheka hadi akashika ukuta.

Wiki moja na nusu kwa Mama Milembe, basi. Nikasimama hapo na ile kadi. Binti yake angeweza kujifunza hivi. Angemwonyesha mtu kadi ya maji, wampe kwenye kikombe, yaishe. Nimefurahi leo, na furaha yenyewe imeniuma.

Jumamosi, 22 Februari

Afisa wa elimu maalum wa halmashauri anataka barua yenye ushahidi: watoto waliokataliwa, walikataliwa wapi, na nini kilifuata. Wazazi wanasimulia, katibu anaandika. Nimeandika ya watu watano. Ya sita ilikuwa ya Mama Milembe.

Alisimulia akiwa amekaa mkabala nami, magoti yetu karibu kugusana. Alitembea saa mbili na nusu kwa miguu. Alimvalisha mtoto gauni la kanisani. Mwalimu alikuwa nje kwenye baraza, hakuinua kichwa, akasema shule si mahali pake. Nikauliza, kama afisa anavyotaka, jina la mwalimu. Jina hakulijua, wala uso haukumbuki vizuri, maana alikuwa akitazama mkono wake wenye kalamu nyekundu. Akasema, "Acha nafasi tu hapo, Mwalimu. Labda siku moja nitalijua."

Nikaacha nafasi. Kalamu niliyoshika ilikuwa ya bluu. Mkono ni ule ule.

Jumamosi, 1 Machi

Nimejimaliza mwenyewe.

Barua nilikuwa nimeinakili vizuri nyumbani. Leo nikaisoma mbele ya kikundi ili wathibitishe kabla ya kupelekwa. Nikasoma ya kwanza, ya pili, wote wanaitikia kwa vichwa. Nikafika ya sita. Nikasoma kwamba mtoto, wakati mama anaongea, aliokota vipande vya chaki barazani akavipanga kwa urefu, kikubwa mpaka kidogo, bila kukosea hata kimoja.

Watu wakasikitika. Mama mmoja akasema ona, mtoto mwenye akili vile! Nikaendelea kusoma hadi mwisho. Niliponyanyua macho Mama Milembe alikuwa amesimama.

"Habari za chaki sikukwambia," akasema.

Kweli hakuniambia. Niliziona mimi. Kumbe nilikuwa nimeinua kichwa siku ile! Niliiona kazi ya yule mtoto, nikaielewa, halafu nikarudi kwenye madaftari yangu na kusema nilichosema. Miaka yote nimejidanganya kwamba sikumtazama.

Ukumbi mzima unangoja. Nikasema labda nimechanganya na ushuhuda mwingine. Akarudia, polepole, "Umechanganya." Akakaa. Philomena akatangaza chai. Mama Milembe hakunywa. Alimfunga Stefa kamba za viatu, akaondoka.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani sikwenda. Judica hasemi na mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kwa Mama Milembe baada ya vipindi. Alikuwa anapepeta mchele uani. Nikaanza kwa kumwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mwalimu yule —" Akasema anajua. Hakuacha kupepeta.

"Nilijua tangu mwanzo una kitu. Nikadhani ni aibu ya mtoto, wababa wengi wanayo. Sikudhani ni hiki." Kisha: "Ulikuwa ukimkumbuka?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yakapotea. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimsahau. Sikumfikiria hata mara moja, mpaka wangu alipokataliwa.

Ungo ukasimama. Nilidhani atanirushia. Akasema, "Wabaya wengine wangesema waliteseka miaka yote. Wewe angalau hukunidanganya hapo." Sikujua kama ni sifa.

Akaniagiza. Pale kwenye nafasi niandike jina langu, kamili, na la baba yangu. Chaki zibaki, ni kweli. Chini nisaini kama katibu, kama kawaida. Na barua niipeleke kwa mkono wangu, naye atakuwepo.

Nikauliza — sikuweza kujizuia — "Na Stefa?"

Akaanza kupepeta tena. "Umeuliza ya kwako haraka," akasema.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika jina. Dastan Mashimba. Mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika, na wino ukavuja kwenye D. Nimemwonyesha Judica. Ameisoma mara mbili, akauliza kama naweza kufukuzwa kazi. Sijui. Akauliza kama Mama Milembe ameahidi chochote kuhusu Stefa. Hapana. Akaniambia kwa Kipare jambo ambalo miaka yote tisa ya ndoa hajanifundisha maana yake. Halafu akanipigia pasi shati.

Jumatano, 5 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, halmashauri, nje ya mlango wa afisa. Saa nne na robo. Ilibidi nije na Stefa, Judica yuko zamu. Mama Milembe alitangulia kufika. Tumesalimiana kama watu wa misiba tofauti waliokutana makaburini.

Barua imeingia ndani robo saa iliyopita. Kupitia mlango niliona afisa anasoma ukurasa wa kwanza, anageuza, anasoma chini kabisa kwenye saini. Akarudi ukurasa uliotangulia. Akavua miwani.

Ametoa kichwa. "Dastan Mashimba ni nani hapa?"

Nikasimama. Ni mimi.

"Yupi?" akauliza. "Mwalimu wa ushahidi wa sita, au katibu?"

Kabla sijajibu simu yake ikaita. Akaonyesha kidole, nisubiri, akarudi ndani. Nimekaa tena. Naandika ili mikono iwe na kazi. Naogopa. Naihofia kazi yangu, naihofia zaidi nafasi ya Stefa kati ya wale sita, na najua hata sasa hivi nahesabu ya kwangu.

Stefa ameshuka kwenye benchi. Amezunguka mara tatu, amesimama mbele ya Mama Milembe. Sasa amempanda mapajani! Stefa, ambaye hata bibi yake hamkalii. Ameegemeza kisogo kifuani pake, ametulia tuli.

Mama Milembe ameweka mikono yake kwenye benchi, mmoja huku, mmoja huku. Anatazama ukuta. Hajamkumbatia. Hajamshusha.

Simu imekatwa ndani. Kiti kinavutwa.