Kosa la Kushikana Mikono

Jumatatu, 4 Machi 1985

Tumekimbia maili nane kabla ya chai. Baridi ya kukata masikio. Kibet, Mkenya mwenzangu, mbele, mimi nyuma yake, Deon, mwenyeji wa huku, nyuma yangu akilaani kwa sauti ndogo, maana kulaani kwa sauti kubwa ni kosa. Katika chuo hiki cha kanisa, huku ng'ambo, karibu kila kitu ni kosa. Bia, dansi, sinema, ndevu, msichana kuvuka mlango wa bweni letu. Siku ya kwanza tulipewa kitabu cha Kanuni za Mwenendo tukatia sahihi ukurasa wa mwisho. Sikuona shida. Baba yangu ni mzee wa kanisa kule Taita. Hata nyumbani sikuwahi kucheza dansi.

Ibada saa nne. Kibet alisinzia tena, nikamkanyaga. Mchungaji alitupungia mkono kutoka mimbarini. Alihubiri Kenya miaka mingi, na kila akituona lazima aseme "Habari za asubuhi, ndugu zangu", hata iwe jioni. Tunampenda.

Kocha anasema mashindano ya Mei ni yetu. Kibet mita elfu kumi, mimi elfu tano. Anayekimbia anaendelea kusomeshwa. Asiyekimbia atafute pengine. Aliyasema hayo huku akitafuna chingamu.

Ijumaa, 8 Machi

Tumeitwa kwa Mkuu wa Nidhamu, mimi na Kibet. Tulidhani ni kule kusinzia.

Akauliza kama huwa tunashikana mikono. Tukasema ndiyo. Mara nyingi? Kibet akasema kila siku, tukienda maktaba. Mbele za watu? Kibet akacheka. Akauliza, sasa tungejificha ili iweje?

Nilidhani mzungu anataka kujifunza desturi zetu. Nikajitia mwalimu. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamume akiwa na rafiki wa kweli humshika mkono njiani, hasa akiwa na maneno mengi, ili mwenzake asimkimbie. Nikamwambia hata baba zetu hufanya hivyo. Akaandika kila neno. Nikaona heshima iliyoje, mtu mkubwa ananiandika.

Jumamosi, 9 Machi

Deon ndiye aliyetufumbua macho. Alifunga mlango kwanza. Alipomaliza kueleza Mkuu anafikiria nini juu yetu, kwamba tunalala kitanda kimoja, Kibet alicheka tena, halafu akaacha. Akaenda kuosha mikono. Nilimwona akiosha kwa sabuni muda mrefu.

Nilitaka kuvunja kitu. Chumba hiki hakina kitu cha kuvunja ila Biblia na taa.

Nikamwambia Deon nitamweleza Mkuu kwamba sisi si watu hao. Akaniangalia. Akasema mwaka jana kuna kijana wa kwaya aliondolewa kwa jambo hilo hilo, na yeye hakuwa na Kenya ya kujitetea nayo. Akauliza, huyo alimkosea nani? Nikavaa viatu nikatoka. Swali hilo liliniudhi, kwa sababu lilikuwa la haki.

Jumanne, 12 Machi

Hatufanyi mazoezi na wenzetu mpaka kamati ya nidhamu ikae. Nimekimbia peke yangu barabara ya kuelekea Upper Marlboro. Malori yananipigia honi.

Aliyetuchongea ni Todd, kiongozi wa bweni. Mwenyewe kaniambia, bila haya, eti kwa upendo. Huyu Todd hutuletea biskuti za mama yake. Huomba nasi kila Jumatano, na tukiomba hutaka tushikane mikono, wote, duara zima. Nikamuuliza tofauti iko wapi. Akasema ile ni maombi.

Nimetupa biskuti zake. Kisha nikaziokota, nina njaa. Hasira haijazi tumbo.

Alhamisi, 14 Machi

Kamati. Watu watano, meza moja, jagi la maji. Mchungaji mmoja wao. Nilipomwona nilishusha pumzi. Huyu amekaa Kenya. Ametembea na wazee wa kanisa mkono kwa mkono kutoka sokoni hadi nyumbani kwake. Ametusimulia mwenyewe, na picha katuonyesha. Sentensi moja tu kutoka kwake, na sisi tungekuwa uwanjani alasiri.

Mkuu akasoma maneno yetu. Yakitoka kinywani mwake yalikuwa machafu. Hata yale ya baba zetu. Mchungaji akaulizwa kama ana la kusema. Akazungusha kalamu. Akasema kila utamaduni una mambo ya kusafishwa na neno la Mungu.

Nikamwambia kwa Kiswahili, nisimwaibishe mbele ya wenzake: "Mchungaji, wewe unajua. Waambie tu, tafadhali."

Akanijibu kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Elia, hapa si Kenya."

 Mkuu hajui kitu, na ujinga wake naweza kuuvumilia. Huyu anajua. Alikula kwetu, alilala kwetu, alishikwa mkono akavushwa mito, na leo anaona haya kusema hivyo mbele ya watu wanne na jagi la maji. Namchukia. Nimeliandika na sitalifuta.

Ijumaa, 15 Machi

Tumewekewa masharti. Tutie sahihi kwamba tulipotoka na tunatubu. Tuhamishwe mabweni tofauti. Tusionekane wawili peke yetu. Tukikubali, tunakimbia Mei. Tukikataa, tumetoka kwenye timu, na chuo ndiyo basi.

Kocha alikuja chumbani. Anasema ni wino tu. Anasema ametupigania. Labda. Amepigania elfu tano na elfu kumi.

Kibet amelala akitazama ukuta.

Jumapili, 17 Machi

Nilienda Takoma Park kwa Dada Wakesho, binti ya shangazi, muuguzi. Alipika ugali na kabichi. Nilimweleza jikoni, watoto wakiwa mbele ya televisheni. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaona uso wangu.

"Elia, sign tu hiyo karatasi yao," akasema. "Nani nyumbani atajua?"

Nikamwambia mimi nitajua. Baba alipougua macho akawa haoni njia, ni rafiki yake Mwandoe aliyemwongoza kanisani kila Jumapili, mkono kwa mkono, katikati ya njia, watu wakiwasalimu. Nikitubu, nimesema wale wazee walikuwa wakitenda dhambi barabarani.

"Na wakikufukuza, utakula hiyo hasira?"

Nikasimama kuosha sahani. Akanifungia ugali kwenye foili. Binti yake mdogo akauliza kwa Kiingereza kwa nini anko ana sura mbaya hivyo. Akaambiwa anko amechoka.

Jumatatu, 18 Machi

Kibet ametia sahihi. Nimesikia kwa Kocha, si kwake. Alikuja kuchukua viatu na blanketi nikiwa darasani. Kitanda chake kimebaki godoro tu.

Nikamkuta kwenye foleni ya chakula. Nilitaka kumpiga mbele ya wali na kuku wao. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kwanza akatazama huku na huku kuona nani anatuangalia.

"Elia, kijiji kizima kilichanga tiketi yangu," akasema polepole. "Nikirudi, niwaambie nimerudishwa kwa nini? Wewe ungelisema hilo neno mbele ya mama yako?"

Akachukua sinia akaenda kuketi na Todd. Na Todd.

Nisingeweza kulisema mbele ya mama. Ndiyo maana nimemkasirikia mara mbili.

Jumatano, 20 Machi

Nimekataa. Mkuu aliniuliza kama nimeomba juu ya uamuzi huu. Nikamwambia nimeomba sana, na Mungu hakusema lolote kuhusu mikono. Hakupenda.

Sanduku moja, begi moja. Deon alinipakia kwenye gari la binamu yake. Todd alitaka kunisaidia kubeba, nikamwambia aache. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa. "Kwaheri, ndugu yangu." Ni mzee, mvi kichwa kizima, na sijawahi kupita mzee bila kumjibu. Nimempita.

Kibet hakutokea. Nilitazama madirisha ya bweni lake mpaka tukapinda kona. Kisha nikajitukana kwa kutazama.

Jumamosi, 11 Mei

Nalala kwenye kochi la Wakesho. Deon alipiga simu jioni. Kibet ameshinda elfu kumi, amewaacha mbali. Nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha nikakasirika kwamba nimefurahi. Elfu tano yangu alipewa mvulana wa Woodbridge, akawa wa sita. Hilo lilinifurahisha bila matatizo.

Deon anasema Kibet alipomaliza, timu nzima ilimkimbilia. Akarudi nyuma. Akakunja mikono kifuani, akasimama hivyo hivyo hadi alipoitwa kuchukua medali. Hata Deon alipompa mkono wa pongezi, aliinamisha kichwa tu, kwa mbali, akasema asante.

Nilikaa na simu mkononi baada ya Deon kukata. Wametuharibu. Mimi nimetoka nikiwa mzima kuliko yeye, hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili, 9 Juni

Wiki ya kwanza ya kazi. Wakesho alinisemea kwenye makao ya wazee anakofanya kazi yeye. Septemba nitaanza chuo cha kaunti, masomo ya jioni. Hakina timu. Hakina ibada pia.

Asubuhi nilipewa Mzee Walter, chumba cha mwisho. Mjane, alikuwa fundi wa lifti. Miguu haimtii, akitembea peke yake anaanguka. Msimamizi, mama wa Jamaica, alinionyesha namna ya kumshika: kiganja kwa kiganja, vidole vyangu juu, nisimvute, nisimwachie. Akanifanyisha mazoezi mara mbili. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejifunza jambo geni.

Akaondoka. Mzee akaninyooshea mkono. Kabla sijaupokea, niligeuka nikachungulia korido, kuona nani yupo.

Hakukuwa na mtu. Nikaushika. Tulienda taratibu mpaka chumba cha chakula, yeye akisimama kila baada ya milango miwili kupumua. Nilipomketisha hakuniachia. Nikavuta kiti nikaketi. Akala supu yake kwa mkono mmoja.