Soksi Zako za Harusi

Mwanangu kipenzi,

Sisi wazima, na paka amezaa tena. Usishtuke kuona mwandiko wangu badala ya wa baba yako.

Zile soksi zako ndefu za harusi anazo yeye. Huzivaa ufukweni akiokoa waogeleaji, majirani wakicheka mpaka basi. Lakini yavuyavu, yule mdudu laini wa baharini mwenye umbo la sanduku, haonekani majini, na nyuzi zake zikigusa ngozi tu, zinachoma kwa sumu. Kitambaa chembamba huzihadaa.

Juzi alimtoa mtoto wa watu, mzima. Miguu ya baba yako haikuguswa, ila nyuzi alizibandua mwilini mwa mtoto kwa mikono mitupu. Tulimmwagia baba yako siki. Moyo wake ulisita, ukarudi. Kalamu bado hawezi kuishika.

Anasema ukija umletee nyingine, za kufika mabegani.

Mimi mama yako